Fedha ya palizi imeishia kwenye visanduku vya Labubu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mtwara mjini. Nina umri wa miaka 31, nimeolewa, na tumejaliwa mtoto mmoja wa miaka miwili. Mume wangu ni dereva wa lori linaloleta makaa ya mawe bandarini kutoka upande wa Songea, kwa hiyo hulala nyumbani siku chache tu kwa mwezi. Tuna shamba la mikorosho Tandahimba aliloachiwa na marehemu baba yake, na kila mwaka hunikabidhi mimi fedha za shamba hilo kwa sababu anasema nina mkono mgumu kuliko yeye.

Desemba iliyopita mwalimu mwenzangu alirudi kutoka likizo Dar es Salaam akiwa ameninginiza kwenye mkoba wake mdoli mdogo mwenye manyoya, masikio marefu kama ya sungura, macho makubwa na meno yaliyochongoka, akaniambia kwamba anaitwa Labubu. Mwanzoni nilishangaa mtu mzima kutembea na zimwi mkobani. Kisha akanionyesha jinsi zinavyouzwa: kila moja iko ndani ya kisanduku kilichofungwa, ndani yake mna mfuko usiopenya mwanga, na mnunuzi hajui amepata ipi mpaka achane. Kundi analokusanya yeye lina sanamu sita za rangi mbalimbali, zilizopewa majina ya Upendo, Furaha, Uaminifu, Utulivu, Matumaini na Bahati, na juu ya hizo kuna ya saba, ya siri, ambayo hupatikana kwa nadra. Alinipa kimoja nikichane mwenyewe. Shangazi, tangu siku ile sijatulia.

Nanunua kwa kijana anayeagiza mzigo Kariakoo na kuupokea kwa basi, shilingi 28,000 kwa kisanduku. Nimekwisha kufungua 17. Ninazo aina tano kati ya sita, nyingine zote ni marudio, na ile ya Utulivu imekataa kabisa kuja, sembuse ya siri. Huwa nasubiri mtoto alale, nakitikisa kisanduku, nakisikiliza, nakipima kiganjani, kisha nakata kwa wembe huku nimefumba macho. Dakika ile ni tamu kuliko jambo lolote katika siku yangu nzima. Ikija ya marudio naumia, na kesho yake nampigia tena yule kijana.

Nilipokuwa mdogo kule Newala sikuwahi kununuliwa mwanasesere. Tulitengeneza wa magunzi ya mahindi, tukawafunga vitambaa. Labda ndiyo sababu.

Sasa nieleze lililonifanya niandike. Mume wangu aliniachia shilingi 850,000 za palizi, petroli ya mashine za kupulizia na ujira wa vijana. Salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, tulishapata mgao wetu, imekaa stoo. Katika fedha hizo nimetumia 560,000 kwa visanduku 20, maana vitatu bado havijafunguliwa, nimevificha chini ya nguo. Zimebaki 290,000. Tumeingia Juni, majani yamefika magotini, na msimamizi wa shamba ananipigia kila baada ya siku mbili. Nimefikiria kuchukua mkopo wa kausha damu ili nizibe pengo kabla mume wangu hajajua. Mwenzangu ananiambia nisiwe na wasiwasi kwa kuwa sanamu hizi ni uwekezaji, na kwamba huko China moja iliuzwa kwa mamilioni.

Jambo la pili, mama mkwe alikuja kutoka Lindi, akaziona zimepangwa rafuni, akakataa kulala chumba kile. Anasema nimeingiza majini ndani ya nyumba ya mwanawe. Atarudi Ijumaa.

Naomba uniambie: nifungue hivi vitatu nikiipata Utulivu niache, au nifanye nini?

Mwalimu wa Shangani, Mtwara

*

Marahaba, mwanangu, na pole. Nitaanza na vile visanduku vitatu vilivyo chini ya nguo, kwa sababu najua ukimaliza kusoma utavitazama. Usivifungue. Kisanduku kilichofungwa bado kinaweza kurudishwa kwa aliyekuuzia, na kikishachanwa hakuna atakayekipokea kwa bei ile. Vipeleke leo dukani kwake, mwombe akurudishie fedha yako au hata sehemu yake, kabla ya usiku kuingia na mtoto kulala, maana umenieleza mwenyewe kwamba saa hiyo ndiyo inayokushinda.

Umeandika kwamba Utulivu imekataa kuja, kana kwamba kuna mkono unaokuzuia. Wewe ni mwalimu, basi tufanye hesabu pamoja. Tuseme kila moja kati ya zile sita ina nafasi sawa ya kutokea, na kila kisanduku kinachukuliwa peke yake bila kufuata kilichotangulia. Mtu anayenunua kimoja kimoja hivyo atahitaji, kwa wastani, karibu visanduku 15 ili akamilishe sita. Hata akifika 17 kama wewe, karibu mtu mmoja kati ya wanne atakuwa bado anakosa angalau aina moja. Kwa hiyo yaliyokupata ni ya kawaida kabisa kwa namna biashara hii ilivyopangwa, na kijana wako anaijua kawaida hiyo hata kama hajawahi kuiandika kwenye karatasi. Nafasi ya kuipata Utulivu katika kisanduku kinachofuata ni ileile ya siku ya kwanza, yaani takribani moja kwa sita, na vile 17 vilivyotangulia havikukusogeza karibu nayo hata kidogo. Ukifungua vitatu vyote, uwezekano wa kuikosa ni karibu asilimia 58.

Ile ya siri ina hesabu nzito zaidi. Katika makundi haya ya sanamu sita, watengenezaji hutangaza kwamba ya siri hutokea mara moja katika visanduku 72, na katika baadhi ya makundi yao ya zamani yenye sanamu 12 ilikuwa mara moja katika 144. Kwa bei yako visanduku 72 ni shilingi 2,016,000, na mtu aliyekwisha kulipa fedha hiyo yote bado ana uwezekano unaozidi theluthi moja wa kurudi nyumbani bila kuiona.

Liko jambo ambalo natamani mwenzako angekuambia Desemba. Wakusanyaji waliozoea hawanunui kimoja kimoja wanapotaka kundi zima. Hununua katoni kamili ya visanduku sita iliyofungwa kiwandani, ambayo kwa kawaida huwa na aina zote sita bila marudio, isipokuwa pale ya siri inapochukua nafasi ya mojawapo. Kwa bei yako hiyo ingekuwa shilingi 168,000, na walimu watatu mngeweza kuchanga na kugawana. Sikuelezi haya ili ukanunue katoni. Nakueleza ili uone kwamba fedha iliyozidi hapo, karibu laki nne, haikwenda kwenye sanamu. Ilinunua ile dakika ya wembe.

Na dakika ile ina nguvu ya kweli, usijidharau kwa kushindwa nayo. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alionyesha katika karne iliyopita kwamba njiwa anayepata punje kila akidonoa kitufe huacha upesi punje zinapokoma, lakini yule anayepata mara moja moja bila kujua ni lini huendelea kudonoa kwa muda mrefu sana hata pasipotoka kitu. Kisanduku kilichofungwa hufanya kazi hiyohiyo kwa binadamu. Mwaka 2023 serikali ya China, nchi ambako biashara hii imekua kuliko kwingine, ilitoa mwongozo unaokataza kuwauzia watoto wenye umri wa chini ya miaka 8, na kutaka ridhaa ya mlezi kwa waliovuka umri huo. Wewe ni mtu mzima na hakuna wa kukukataza, lakini umeona kwamba hata wenye bidhaa hiyo nyumbani kwao wameiwekea mipaka.

Sasa kuna jambo lililonisumbua tangu niliposoma bei yako. Labubu halisi za aina hii zinauzwa na kampuni ya Pop Mart, iliyoanzishwa Beijing mwaka 2010, na bei yake dukani hukohuko China mwaka 2025 ilikuwa yuan 99, ambazo kwa fedha yetu ni zaidi ya shilingi 30,000. Jiulize, mwanangu: mzigo huo ulipe usafiri wa kuvuka bahari, ushuru, faida ya wa Kariakoo, nauli ya basi hadi Mtwara na faida ya kijana wako, kisha ukufikie kwa 28,000? Nina wasiwasi mkubwa kwamba ulizonazo ni za kuiga, zile ambazo duniani zimepewa jina la Lafufu. Zitoe uzihesabu meno. Labubu halisi ana meno tisa, na waigaji wengi hukosea hapo. Tazama pia wayo wa mguu kama una chapa ya kampuni iliyo safi, na kama msimbo wa kuskani ulio kwenye kisanduku unakupeleka kwenye ukurasa wa kampuni yenyewe au kwenye tovuti inayofanana nayo kwa jina tu.

Kama ni za kuiga, basi hata hesabu niliyokupa juu haina msingi, kwa sababu anayeiga hafungwi na uwiano ulioandikwa kwenye kisanduku alichokinakili. Inawezekana Utulivu hakuwekwa kabisa katika mzigo huo, na ya siri vivyo hivyo, nawe umekuwa ukitafuta usiku kucha kitu kisichokuwamo. Jambo hili pia linafunga mlango mmoja uliokuwa ukiufikiria: huwezi kuuza marudio yako kwa wenzako kama Labubu halisi. Ukiuza, sema wazi kwamba huna uhakika na asili yake, na upokee bei inayolingana na ukweli huo.

Mtoto wako ana miaka miwili. Agosti 2025 tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilitoa onyo kuhusu Labubu za kuiga, kwamba zinavunjika upesi na vipande vyake vinaweza kumkaba mtoto mdogo. Rafu si mahali salama kwa mtoto anayejifunza kupanda viti. Ziweke zote, zikiwa na shaka au zisizo na shaka, ndani ya kabati lenye kufuli, na mfuko wa plastiki uliozifunika utupe.

Kuhusu uwekezaji, mwenzako amesikia kisa cha kweli na kukitumia mahali pasipofaa. Ni kweli kwamba Juni 2025 huko Beijing Labubu mmoja aliuzwa mnadani kwa yuan milioni 1.08, lakini huyo alikuwa na kimo cha sentimita 131, na hakutoka kwenye kisanduku kama vyako. Mwezi huohuo kampuni iliongeza mzigo sokoni, na bei za walanguzi waliokuwa wameficha sanamu ndogo zikaporomoka ndani ya siku chache. Sisi watu wa korosho tunajua vizuri bei inavyoweza kupanda leo na kushuka mnada ujao. Tofauti ni kwamba korosho ikishuka bei bado inaliwa.

Kwa mama mkwe wako nenda kwa upole, kwa sababu hofu yake haikuanzia nyumbani kwako. Mwaka 2025 mitandao ilijaa maneno kwamba Labubu ni sura ya Pazuzu, pepo wa kale wa Mesopotamia, na huenda naye amefikiwa na ujumbe wa namna hiyo kwenye simu. Ukweli ni kwamba sanamu hizi zilibuniwa na mchoraji Kasing Lung, aliyezaliwa Hong Kong na kukulia Uholanzi. Akiwa huko alisoma hadithi za kale za watu wa Ulaya ya kaskazini zenye viumbe vya msituni, na mwaka 2015 akachora vitabu vya watoto vilivyoitwa The Monsters, ambamo Labubu ni kiumbe mtundu mwenye nia njema. Mweleze hivyo kwa heshima, mara moja tu, bila kubishana. Unaweza pia kumkumbusha kwamba uwanda wetu wa Makonde umezaa vinyago vya mashetani vyenye meno na macho ya kutisha kuliko hivi, na barakoa za mapiko zimecheza mbele za watu tangu enzi za mababu, na wachongaji wake ni waumini kama wengine. (Mimi mwenyewe ninacho kinyago kimoja cha mpingo, kimepinda kama moshi, na nilikigeuza mkononi kwa nusu saa nikikagua nyufa kabla sijatoa fedha.) Lakini asipokubali, usimshinde kwa hoja. Sanamu zitakuwa kabatini kwa ajili ya mtoto, chumba kitakuwa tupu, naye atalala kwa amani. Nyumba ile ni yake pia anapokuja.

Nilichelewesha suala la fedha kwa makusudi, kwa kuwa ndilo zito. Mkopo wa kausha damu usiuguse. Ukikopa ili kuficha 560,000, utalipa riba usiyoiweza kwa siri juu ya siri, na siku wakopeshaji watakapoanza kupiga simu kwa ndugu zako, mume wako ataambiwa na mtu asiyempenda. Hiyo 290,000 iliyobaki mtumie msimamizi kesho asubuhi kwa ajili ya palizi peke yake, na mwambie aanze na mikorosho inayozaa zaidi, ile iliyo safi aiache kwanza. Salfa mnayo. Kinachokosekana ni ujira na petroli, na mkorosho ukianza kuchipua na kutoa maua, ubwiriunga, ule ukungu unaoshambulia maua, haumsubiri mtu apate mshahara. Fedha ya wapuliziaji itoke kwenye mshahara wako wa mwisho wa mwezi huu na wa Julai, na kama una akiba kwenye kikoba, omba mkopo wa kikoba kwa jina la shamba, ukiwaeleza wenzako kiasi halisi. Riba yake unaijua, na ikibaki faida inarudi kwenu wenyewe.

Kijana wa visanduku futa namba yake, lakini kwanza umrudishie vile vitatu. Mwambie mwalimu mwenzako kwamba umesimama, ili asikuletee habari za mzigo mpya. Sitaki uzichukie sanamu hizi wala utoto wako wa magunzi uliokufanya uzipende. Mtu aliyekosa mwanasesere akiwa mdogo ana haki ya kumpenda akiwa mkubwa. Korosho zikishauzwa na deni likishaisha, kama bado moyo wako unaitaka Utulivu, itafute kwa mtu aliyekwisha kuifungua, uione kwa macho, uhesabu meno yake, ubadilishane naye marudio yako mawili au umlipe bei mliyokubaliana, basi. Ile dakika ya kufumba macho ndiyo utakayoiacha, na wiki za kwanza zitakuwa ngumu hasa baada ya mtoto kulala. Saa hiyo usikae peke yako na simu. Sahihisha madaftari sebuleni, au mpigie mama yako Newala.

Mume wako aelezwe kabla ya Ijumaa, kwa sababu mama yake akiwahi kumsimulia habari ya majini, yeye atayajua majini kwanza na fedha baadaye, na mambo hayo mawili yatachanganyika kichwani mwake kuwa jambo moja baya. Mweleze wewe, kwa sauti yako. Usimtumie ujumbe wa maandishi, na usimpigie akiwa kwenye usukani. Subiri simu yake ya jioni, atakapokuwa ameegesha Tunduru au Masasi na kusema kwamba amefika salama. Mwache kwanza ale. Kisha mwambie kiasi kamili, 560,000, usipunguze hata elfu moja, umwambie zilikokwenda, zilizobaki umezipeleka wapi, na mwezi gani zitakuwa zimerudi. Akinyamaza, nawe nyamaza. Usikate simu.